Kirusi Ambacho Spès Hakukiua

Niyonkuru Spès alikuwa na kawaida ya kusema kwa sauti kila alichokiandika kwenye kompyuta, na kawaida hiyo haikutokana na ugonjwa. Ilitokana na biashara. Alikuwa na sekretaria ndogo ya kuchapa na kutengeneza kompyuta pale Kasenga, mtaa wa Uvira, chumba kimoja chenye mlango wa bati katikati ya fundi viatu na kanisa la uamsho, na wateja wake walikuwa watu wenye flashi zilizougua. Mtu anafungua flashi yake, anakuta dosye zote, yaani mafaili yake, zimegeuka vialama vyenye mshale. Akibonyeza, hakuna kitu. Nyimbo za kwaya zimekwenda. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi imekwenda. Picha ya marehemu imekwenda, na maziko ni kesho. Spès hakutumia kipanya wala madirisha ya rangi. Alifungua ukurasa mweusi, akaandika herufi nyeupe, akabonyeza, na vitu vikarudi.

Sasa, mtu wa Uvira akiona mwanamke ameinamia ukurasa mweusi, anaandika maneno ambayo si Kifaransa wala Kifuliiru wala Kirundi, halafu sura ya marehemu inatokea yenyewe, anakuwa na maelezo yake tayari, na maelezo hayo hayahusiani na elimu ya kompyuta. Mwaka wa kwanza wa sekretaria mama mmoja aliipokea flashi yake kwa kitambaa, isimguse ngozi. Baadaye kidogo mhubiri wa kanisa la jirani aliomba kwa kipaza sauti kwamba Bwana achome mashine zote zinazoita wafu. Spès akaona heri aeleze. Tangu hapo akawa anatangaza kila hatua: "Apa nauliza masini, nani anatumika ndani yako sasa. Imejibu. Uyu simujue, namufukuza. Apa naiambia ionyeshe vyote vyenye vimefichwa." Wateja walisikiliza kama watu wanavyosikiliza misa: hawakuelewa yote, lakini walijua wapi pa kuitikia. Mhubiri mwenyewe alikuja na flashi yenye mahubiri ya pasaka, akaitikia vizuri kuliko wote.

Spès alizaliwa Katogota, kwa wakulima wa mihogo na mpunga. Baba yake, mzee Havyarimana, alikuwa na imani mbili, ya Kikatoliki na ile ya kwamba mtu anayejua kuchapa hapigwi na jua. Kwa imani ya pili alimtuma binti yake mjini, kwenye mradi wa kilimo uliokuwa na wageni wawili na kompyuta moja. Kisha vita ikafika. Wazee hubishana hadi leo ilikuwa ya ngapi. Wageni waliondoka kwa boti, waporaji wakaingia kwa mlango. Waporaji walikuwa na haraka na kompyuta ilikuwa nzito, basi wakachukua kipanya chake, kwa kuwa kiliingia mfukoni. Ofisi nzima iliona kwamba mashine imekufa. Spès, ambaye hakuwa na pa kwenda, alibaki ameikalia pamoja na kitabu kinene cha Kifaransa ambacho hakuna mporaji aliyekitamani, akajifunza kuiamrisha kwa herufi. Siku alipopata kipanya kingine, miaka ilikuwa imepita, na kipanya alikiona kama mzigo.

Aliolewa na Damien, karani wa ofisi ya vibali vya kusafiri, mtu mpole mwenye kola safi. Damien alikuwa amezichapia serikali zote zilizopita mjini, na zilipita nyingi. Kila moja ilimkuta mezani, ikamwuliza kama ni mwaminifu, akajibu kwamba ndiyo, ikabadilisha mhuri, kazi ikaendelea. Walikaa Rugenge na watoto wao wawili, Olga na Thierry, katika nyumba ambayo maji ya ziwa yaliifikia mara moja yakarudi. Damien alisema hiyo ni dalili njema. Alikuwa mtu wa kuona dalili njema.

Vita ya mwisho, yaani ya mwisho kufika hadi siku hizo, ilileta wenye mji wapya. Kwenye ofisi ya vibali walimweka Komanda Félicien, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Watu walilipokea jambo hilo kwa matumaini, wakisema msomi hatapiga watu ovyo. Ni kweli. Hakupiga mtu ovyo hata siku moja. Kila aliyepigwa alielezwa kwanza sababu.

Basi asubuhi moja ofisi ikafunguliwa, kompyuta ikawashwa, na vibali vyote vilikuwa havipo. Mahali pa dosye palikuwa na vialama vyenye mshale. Nje, watu waliotaka kuvuka kwenda Burundi walikuwa wamejipanga hadi barabarani. Komanda alitazama kioo, akatazama watu, akamtazama Damien. Mtu aliyewachapia adui wote wa zamani alikuwa peke yake chumbani na mashine. Kwa mwalimu wa hesabu, jawabu lilikuwa limejiandika. Kabla jua halijapanda sana Damien alikuwa ndani ya kontena la uani, bila mkanda wala viatu.

Spès alifika akiwa bado na vumbi la pikipiki. Askari wa mlangoni alimwacha aingie, kwa kuwa mwanamke aliyekuja mwenyewe humpunguzia mtu kazi ya kumfuata.

"Weye njo bibi ya Damien?" Komanda aliuliza.

"Njo minye, Afande."

"Bwana yako amekula madosye yetu."

"Hakukula, Afande. Iko kirusi. Kimeingia na flashi."

"Flashi ya nani?"

"Ya yeyote. Basoda benu banaweka flashi zao apa, banatoa miziki, banaweka. Kirusi kinapanda juu ya flashi sawa vile muntu anapanda pikipiki."

"Na mwenye kirusi ni nani?"

"Hana fasi apa. Bamekitengeneza mbali sana, Afande. Ule muntu hajue hata kama Uvira iko."

Komanda alifikiri. "Kila kitu iko na mwenyewe, mama. Lakini minye niko muntu wa kuona na macho. Ukinionyesha icho kirusi, na madosye yakarudi, Damien anatoka. Usiponionyesha, anapanda."

Kupanda ilikuwa kuchukuliwa kwa gari hadi juu milimani, nyuma ya mji. Watu waliopanda walijulikana kwa majina, nyumba na parokia. Waliowahi kushuka, mji ulikuwa bado unajaribu kumkumbuka mmoja.

Spès akakaa. Askari wawili walisogea wamtazame, mmoja akajifuta mikono kana kwamba yeye ndiye atakayechapa. Ukurasa mweusi ukafunguka, na sauti yake ikatoka yenyewe, ileile ya Kasenga.

"Apa nauliza masini, nani anatumika ndani yako. Imejibu. Uyu wa kwanza ni wake. Uyu ni wake. Uyu, angalia Afande, uyu anajifanya mutumishi wa nyumba, lakini hana kazi yenye anafanya. Njo kirusi. Namufukuza kwanza, sababu tukirudisha vitu yeye akiwa macho, atavificha tena." Alibonyeza. "Ameenda."

"Ameenda wapi?" aliuliza askari.

"Hapana fasi. Amekufa."

Askari aliridhika. Hiyo aliielewa.

"Sasa," Spès aliendelea, "madosye hayakulika. Yamefichwa tu. Naomba masini initajie vyote vyenye vimefichwa, na alama zao. Munaona pembeni? Kirusi kikificha kitu, kinakipiga alama mbili, S na H. S inasema, musiguse, iko mali ya masini. H inasema, musione. Apa: S na H, kirusi. S na H, kirusi. S na H, kirusi. S na H, kirusi. Hii..."

Akanyamaza.

Mstari ulikuwa na dosye iliyoitwa Novena, kama sala ya siku tisa, na pembeni yake H peke yake. Kirusi hakifichi hivyo. Hivyo huficha mtu, kwa mkono wake, na Spès alijua mkono wa nani, kwa kuwa aliufundisha yeye. Zamani Damien alitaka kuomba kazi Bujumbura na barua isionwe na mkubwa wake. Mkewe akamwonyesha amri ile moja, naye Damien akaifanyia mazoezi mezani huku anacheka kama mtoto. Kazi ya Bujumbura hakuipata. Amri aliihifadhi.

"S na H," Spès akaendelea kwa mstari uliofuata, "kirusi. S na H..."

"Rudia ule wa juu," Komanda alisema.

"Ule ni mambo ya masini tu, Afande."

"Umenyamaza."

"Nilikuwa navuta pumzi."

"Minye nimefundisha miaka mingi, mama. Mwanafunzi mujinga ananyamaza kwa kila neno. Mwenye akili ananyamaza fasi moja tu." Alivuta kiti, akakaa karibu naye, karibu sana, kama mtu anayesaidiwa kazi ya nyumbani. "Maliza kwanza kurudisha vyetu. Halafu tutafungua ile."

Alimaliza. Vibali vilirudi vyote, kwa mpangilio wao, na askari yule mmoja akapiga makofi kidogo. Kisha Novena ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na vibali vinne vya kuvuka mpaka wa Kavimvira: cha Damien, cha Spès, cha Olga na cha Thierry. Chini ya kila kimoja ilikaa saini ya Komanda Félicien, iliyotolewa kwenye karatasi nyingine na kupandikizwa hapo kwa ustadi mkubwa.

Komanda aliisogelea. "Imekaa vizuri kuliko yangu," alisema. "Minye mukono unatetemeka pale mwisho. Yeye ameirekebisha." Kisha: "Ulijua?"

"Hapana, Afande."

Lilikuwa jibu la kweli, na labda ndiyo maana alilisema vibaya. Damien alikuwa amemficha mkewe hata safari ya mkewe mwenyewe. Huenda alingoja siku njema. Huenda aliona dalili.

Walimleta. Alisimama mlangoni akipepesa macho kwa mwanga, akaona ukurasa mweusi, akaona jina la Novena, akamwona mkewe kwenye kiti chake. Hakuuliza kitu. Alikuwa karani, alijua kusoma.

"Bibi yako alijua?"

"Hapana, Komanda. Hakujua kitu."

"Bon. Munasema kitu moja." Komanda alisimama, akashika mikono nyuma, akaeleza kama anavyoeleza kanuni. "Minye niko muntu wa neno. Nilisema, kama ni kirusi, Damien anatoka. Ni kirusi. Mupeni vitu vyake, atoke."

Wakampa mkanda na viatu. Akavaa, polepole. Askari akamwongoza hadi nje ya geti, akamwachia mkono. Damien alisimama barabarani, mtu huru, mbele ya foleni yote ya watu wanaongoja vibali, na baadhi yao wakamwamkia. Kisha Komanda akaita kutoka barazani kwamba sasa kuna mambo ya saini. Askari akamshika tena, akamrudisha kwa geti lilelile, akamvua viatu na mkanda. Yule askari aliona mzunguko huo ni wa ajabu lakini hakuona ndani yake kosa, na kwa kweli halikuwapo.

"Sasa nisikilize, mama Olga," Komanda alimwambia Spès, na kule kumwita kwa jina la mtoto kulimtisha kuliko lolote. "Kwa saini, ningemupandisha leo. Lakini nani atachapa? Awa hawajue." Aliwaonyesha askari, ambao hawakukasirika. "Basi atachapa. Muchana kwenye kiti, jioni kwenye kontena. Kazi ikiwa apa, yeye iko apa. Kazi ikiisha, anapanda. Na masini ikiugua, weye unakuja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Afande."

"Kibali ya watoto, na ya kwako, nimeisahau. Minye siko munyama."

Mashine iliugua tena upesi. Hakuna aliyefanya hila. Askari walileta flashi zao za miziki kama kawaida, na kirusi kikashuka kama abiria. Pikipiki ikatumwa Kasenga. Spès akaja na kikapu cha chakula, akamkuta Damien amekaa kwenye benchi nyuma ya kiti, askari mwenye bunduki karibu naye. Amri ilikuwa kwamba wawili hao wasizungumze. Komanda alikuwa amekwenda kwa wakubwa wake.

Spès akafungua ukurasa mweusi. "Apa nauliza masini, nani iko ndani yako," akatangaza. "Imejibu. Inasema Olga amepona malaria, jana amekula vizuri." Akabonyeza kitu. Askari aliangalia kioo, akaona herufi zinapita. "Apa inasema Thierry anakatala kwenda masomo. Namufukuza. Apa inasema mama ya Damien amefika kutoka kijijini, na amelala kitanda cha sebuleni, na anasema godoro ni baya."

Nyuma yake benchi lililia kidogo.

"Karani," Spès alisema bila kugeuka, "masini yako inakula vizuri?"

"Inakula," Damien alijibu. "Kidogo. Mafuta ya usiku yanakosa."

"Inapigwa na baridi?"

"Sakafu ya chuma, mama. Masini haipendi chuma."

"Nitaleta kitu cha kutandika chini ya masini."

"Na asante kwa ndagala," Damien alisema, halafu, kwa kuwa askari aligeuza kichwa, "zinasaidia sana kwa waya."

Askari aliliweka hilo akilini. Miezi iliyofuata alikuwa akiwaambia watu kwamba kompyuta hutengenezwa kwa samaki wadogo, na hakukosa watu wa kumwamini.

Siku ile Spès aliisafisha mashine yote. Lakini njiani kurudi, nyuma ya mwendesha pikipiki, hesabu ilimjia. Kama mashine ni nzima, hawamwiti. Wasipomwita, hamwoni. Na mtu asiyeonwa, katika mji ule, huanza kupungua: kwanza chakula chake, halafu jina lake, halafu yeye. Alikuwa amekaa maisha yake akiwinda vitu hivi. Alijua vinalala wapi vikijifanya wafu. Kirusi kile kilikuwa na mwili wake, ambao anaufukuza kila siku mbele ya watu, na kilikuwa na mbegu, faili dogo lililojificha kwenye kona ya mambo yanayoamka pamoja na mashine. Ukiua mwili na kuacha mbegu, kazi inaonekana imekwisha. Baada ya siku chache inarudi.

Basi mara iliyofuata aliua mwili, akatangaza kwamba ameua, na kona ile akaipita kimya. Safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini amenyamaza, maana hakunyamaza. Alipofika kwenye kona alisema, "Na apa iko salama," kwa sauti ileile.

Ikawa desturi. Mashine iliugua, pikipiki ikaja, Spès akaja. Damien alipata blanketi, alipata sombe ya majani ya mihogo, alipata habari za Thierry ambaye aliendelea kukataa masomo hadi mashine ikamwamuru arudi. Alinenepa kidogo mashavuni. Alimwangalia mkewe anavyofanya kazi na siku moja, kwenye mstari fulani, alielewa. Spès alilisikia benchi likilia. Tangu hapo Damien alipokuwa akichapa mwenyewe aliziweka flashi za askari ndani ya mashine kwa moyo wote. Hawakuwa wamewahi katika ndoa yao kufanya kazi pamoja vizuri namna ile. Alianza tena kuona dalili njema. Wakubwa wanachoka, alisema mara moja kwa mdomo wa mashine, vita inageuka, wenye mji wakiondoka, karani atabaki mezani, kama siku zote.

Upande wa Komanda mambo yalikuwa mengine. Wiki moja mke wa mkubwa wake alitaka kuvuka, na kibali chake kililiwa mbele ya macho yake. Mama huyo alingoja kwenye kiti cha plastiki hadi mchana, akijipepea, akatoa maoni juu ya walimu wa hesabu. Wiki iliyofuata mkubwa mwenyewe alipiga simu. Komanda alisimama wakati wote wa simu ile ingawa hakuna aliyekuwa anamwona.

Spès alipokuja safari hiyo, alimkuta amekaa pale pale, karibu na kiti.

"Mama Olga," alisema, "nikuulize kitu moja, na usinidanganye. Ichi kirusi, kinaweza kuisha?"

Mikono ya Spès ilikuwa juu ya herufi. Angeweza kusema ndiyo, na ndiyo ingekuwa kweli. Angeweza kukimaliza pale pale, asubuhi ile, kwa amri tatu au nne. Mashine ingepona. Pikipiki isingekuja tena Kasenga. Aliliona kontena, akaiona miezi ikipita juu yake bila mtu wa kulifungulia kikapu.

"Afande," alisema, "kwa hii vita, hakiwezi."

"Hakiwezi kabisa?"

"Kila flashi inaleta kingine. Nitakuwa nasafisha, kitakuwa kinarudi. Njo vile iko."

"Hata Kinshasa, hata Ulaya, hawawezi kukimaliza?"

"Hawawezi."

Komanda alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa tarehe ya mtihani. Akamgeukia Damien. "Na weye, karani? Unakubali?"

"Nakubali, Komanda," Damien alisema. "Hakiishi." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kontena, Spès alipogeuka wakaangaliana, na Damien alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyejibu vizuri.

"Asante," Komanda alisema. "Ni vizuri kupata muntu wa kukuambia ukweli."

Pikipiki haikuja wiki iliyofuata. Spès alisubiri, kisha akapika sombe, akaweka na samaki wa mkeke mmoja mzima, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya parokia, akaenda mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa barazani, chini, waya zake zimezungushwa shingoni mwake, na kuku alikuwa amelala kwenye kivuli chake. Ndani, nyuma ya meza ya Damien, askari wa mlangoni alikuwa akiandika kibali kwa kalamu, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii. Mwandiko wake ulikuwa wa darasa la tatu, lakini ulisomeka. Foleni ilikuwa inakwenda. Mhuri ulianguka kila baada ya kitambo, kwa mlio mzuri.

Komanda Félicien alimpokea kwa uchangamfu. Alionekana amepata usingizi.

"Tumerudi kwenye kalamu, mama Olga. Nilifikiri sana juu ya maneno yako. Kama kirusi hakiishi, kuhangaika ni ya nini? Kalamu haishiki kirusi."

Spès alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili. "Na Damien, Afande?"

"Damien alikuwa wa kuchapa."

Hakusema hivyo kwa ukali. Alisubiri, kama mwalimu, mwanafunzi afike mwenyewe.

"Amepanda?"

"Juzi, asubuhi. Hakupigwa. Nilimueleza sababu, akaelewa. Alikuwa muntu wa akili." Komanda alitazama kikapu. "Icho unaweza kuacha. Basoda bako na njaa."

Askari aliinua macho kutoka kwenye kibali chake, akayarudisha chini. Spès aliweka kikapu mezani, kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka. Alipokuwa anageuka Komanda alimfuata hadi barazani, akamfukuza kuku kwa mguu.

"Masini chukua. Umeihangaikia sana, na hatukukulipa. Minye siko muntu wa kutumikisha batu bure." Akamwita askari amwandikie karatasi ya kuthibitisha kwamba mashine ni mali yake, asije akasumbuliwa vizuizini. Askari aliandika, akauliza jina linaandikwaje, akaambiwa, mhuri ukaanguka.

Mwendesha pikipiki aliifunga kompyuta mbele yake kwa mpira, na Spès akakaa nyuma. Kwenye vizuizi viwili waliisoma karatasi, wakampisha.

Aliisafisha alasiri ileile, nyumbani Rugenge, mlango umefungwa. Mama mkwe aliuliza mara mbili kutoka sebuleni kama Damien amefurahia samaki. Spès aliua mwili wa kirusi, akaenda kwenye kona, akaua mbegu. Haikuchukua muda, jikoni mihogo ilikuwa bado haijaanza kutokota. Kisha akaiambia mashine ionyeshe kila kilichofichwa, na vibali vyote ambavyo Damien alivichapa vikapanda kwenye kioo, kimoja kimoja, kwa majina na tarehe, safi kama kola zake. Hakuna kilichopotea hata kimoja.